Bi Midomo Hana Uso

Jumatatu, 3 Machi

Sijamwambia mtu. Si Mama, si rafiki yangu wa shule, si hata mto ninaolalia, na mto huo unajua mengi. Bi Midomo ni mimi.

Basi. Nimeandika. Na dari haijaanguka.

Bi Midomo ni yule mwanamke wa video za kwenye simu anayejaribu rangi za mdomo na mafuta ya midomo, kisha anasema ipi ununue na ipi uiache ioze dukani. Uso wake hakuna aliyewahi kuuona. Ni midomo tu, kuanzia chini ya pua hadi juu ya kidevu, na sauti nzito ya mtu mzima aliyeshiba. Watu wanadhani ana miaka arobaini na nyumba yenye ngazi. Kumbe ni mimi, niliyemaliza shule juzijuzi, nimejikunja ndani ya kabati la nguo na blanketi kichwani ili sauti iwe nzito. Nikitoka humo jasho linanitiririka kama mtu aliyefua mapazia ya hoteli nzima.

Nje ya kabati siwezi hata kumwuliza mtu saa.

Sasa balaa lenyewe. Shangazi ana duka la vipodozi. Tangu nimalize shule nafanya kazi kwake, stoo, nafungua katoni na kubandika bei. Naipenda stoo. Katoni hazikuangalii machoni. Lakini magoti ya Shangazi yamechoka kusimama, na Jumamosi atachagua mtu wa kaunta: mimi, au binti wa baba mdogo, ambaye ukoo mzima unamwita Kasuku. Kasuku anaongea na wateja, anaongea na vioo, anaongea na feni. Anaongea hata anapovuta pumzi ndani.

Shangazi hana kazi ya watu wawili. Atakayekosa atakwenda kwa mjomba mwenye bucha, kusimama mlangoni na kuita wapita njia. Kuita! Kwa sauti! Huku umeshika mguu wa ng'ombe!

Na la kuudhi zaidi: Shangazi anampenda Bi Midomo kuliko ndugu zake. Kila asubuhi akifuta vioo anamfungulia kwenye simu na kumjibu kwa sauti: sema mwenzangu, wafundishe hao! Leo kanigeukia, akasema ningekuwa na robo ya ulimi wa yule mama angenikabidhi duka na funguo zake. Nilikuwa nabandika bei kwenye poda. Nikajibandika kwenye kidole. Mteja akauliza kama nami nauzwa. Kasuku akamjibu ndiyo, ila hatuna chenji ndogo kiasi hicho.

Nimepata wazo. Shangazi anamsikiliza Bi Midomo. Kwa hiyo Bi Midomo amwambie anichague mimi. Sijui kwa nini sikufikiria haya mapema.


Jumanne, 4 Machi

Jana jioni niliingia kabatini. Nikajaribu mafuta ya midomo ya nazi, yale ya kikopo cha kijani. Nikasema kweli tupu: yananukia vizuri, yanalainisha vizuri, ila jua likiwaka yanateleza hadi kidevuni na utadhaniwa umetoka kula kwa watu bila kukaribishwa. Kisha nikapenyeza langu. Nikasema, kwa sauti ile ya mtu aliyeshiba, kwamba duka zuri la vipodozi utalijua kwa muuzaji wake: ni msichana mkimya, mpole, asiyemkimbiza mteja kwa maneno.

Asubuhi Shangazi akasikiliza. Akaacha kufuta kioo. Akasikiliza tena. Nikachungulia kutoka stoo, kibandiko cha bei mkononi.

Akamwita Kasuku. Akamwambia umesikia wakubwa wanavyosema? Leo ufunge huo mdomo.

Na Kasuku akaufunga! Siku nzima! Akawa anatabasamu tu na kuinamisha kichwa kama bibi arusi. Wateja wakampenda hadi wakanitia kichefuchefu. Mama mmoja alisema tangu aanze kuja hapa leo ndiyo mara ya kwanza anapata nafasi ya kufikiri, akanunua losheni mbili. Kasuku, mkimya, mpole, asiyekimbiza mteja!

Mimi niliyezaliwa kimya nilikuwa palepale karibu na mlango wa stoo. Nikajikaza kisabuni, nikamwuliza Shangazi, kwa sauti ndogo, kama na mimi si mkimya. Akanitazama kwa huruma. Akasema: wewe si mkimya, mwanangu. Wewe hupo.

Sikula mchana.


Jumatano, 5 Machi

Amekuja wakala wa vipodozi, yule tunayemwita Mkoba kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila mkoba wake. Kaleta sampuli. Rangi ya mdomo ya majimaji, ya kupaka kwa kijiti chenye manyoya, zambarau nzito kama ganda la bilinganya. Akaapa kwamba haitoki. Ukila haitoki. Ukinywa haitoki. Ukilia msibani haitoki. Kasuku akauliza na ukibusiwa je? Shangazi akampiga na kitambaa cha kufutia vumbi. Mkoba akasema naye hajui, ameoa zamani.

Shangazi hakuagiza. Akasema atangoja kwanza mwenzake Bi Midomo aseme.

Angoje mwenzake! Nilikaa juu ya katoni, nikawaza hadi masikio yakapata moto. Nikawaza hivi: Bi Midomo akiisifu rangi hii kabla ya maduka mengine, Shangazi ataagiza, itauzwa kama maji jangwani, atafurahi, na mtu aliyefurahi huchagua kwa moyo mwema. Wazo lilikuwa na mashimo, lakini niliyaona baadaye.

Bi Midomo ana sheria moja, na ndiyo inayofanya watu wamwamini. Hasemi neno kabla ya kukaa na kitu mdomoni siku nzima: kula nacho, kunywa nacho, kulala nacho. Leo nimeivunja. Jumamosi iko mlangoni! Nikabeba sampuli chini ya kwapa, nikaingia kabatini kabla ya chakula cha jioni, nikapaka, nikapiga video rangi ikiwa bado mbichi. Imekaa kama hariri, nikasema. Haina harufu. Haikauki ikapasuka. Nunueni kabla haijaisha. Nikairusha.

Kisha nikaenda kunawa.

Haitoki.

Nimejaribu vifuatavyo. Sabuni ya kuogea: hakuna kitu, ila sasa najua ladha yake. Dawa ya meno: midomo ikawa ya baridi na ya zambarau. Limau: nimeona nyota ambazo si za kukadiria bidhaa. Mafuta ya kupikia, nikapaka na kufuta, nikapaka na kufuta: sasa ni zambarau inayong'aa. Brashi ya kucha: hapana. Hapana kabisa.

Mkoba ni mwongo katika mambo mengi lakini katika hili amesema kweli.

Na hapo ndipo nilipoelewa. Bi Midomo hana uso. Bi Midomo ni midomo. Na kesho asubuhi midomo hiyohiyo, yenye rangi hiyohiyo ambayo hakuna duka linaloiuza bado, itaingia dukani kwa Shangazi ikiwa kwenye uso wangu.


Alhamisi, 6 Machi

Nimejifunga shali kuanzia puani kwenda chini. Mama akauliza kulikoni. Jino, nikasema. Ni neno fupi, unaweza kulisema bila kufungua mdomo sana.

Dukani Shangazi alikuwa anacheza. Simu mkononi, anacheza na magoti yake mabovu. Mwenzangu kasema! Mwenzangu kasema! Akampigia Mkoba palepale, akaagiza katoni nzima, na Mkoba akaileta kabla chai haijapoa, kana kwamba alikuwa amejificha nyuma ya nguzo. Kufika mchana nusu ya katoni imekwisha. Ofisa wa posta kanunua. Mwalimu wa shule ya jirani kanunua. Askari wa kike wa zamu kanunua, akapaka hapohapo mbele ya kioo, akajipigia saluti.

Mimi nyuma ya shali nilikuwa nahesabu mateso yangu. Nilitaka kuwaambia. Naapa nilitaka. Nilimfuata mwalimu hadi mlangoni, nikamgusa bega, akageuka, nikamwambia: karibu tena.

Shangazi kumbe ananitazama. Akasema huyu mtoto anaumwa, hata chakula hali. Nikatikisa kichwa. Akasema jino halichezewi, linaweza kukupofua. Nikatikisa zaidi. Akasema unaona, linamtetemesha hadi shingo! Juu ya duka letu kuna daktari wa meno. Nikaburutwa ngazi zote na Kasuku akitusukuma kwa nyuma, anasema jikaze dada, kung'olewa ni mara moja.

Daktari akauliza jino lipi. Nikanyooshea moja kwa nje ya shali. Akasema atafurahi kuliona. Shangazi akaifungua shali kama mtu anayefungua zawadi ya mwingine.

Midomo ya bilinganya ikatokea.

Daktari, Mungu amjalie, aliendelea na kazi. Akagonga jino. Sikuumia. Nikanyooshea jingine. Akagonga. Nikanyooshea la tatu, akaweka chini kifaa chake, akasema meno haya ni mazima kuliko yake, na ugonjwa ulioko hapa unauzwa kwenye duka la chini.

Nilifumba macho nikingoja Shangazi aseme jina. Amekwisha jua. Amejua. Kwisha habari yangu, mguu wa ng'ombe huo hapo.

Shangazi akapiga makofi. Akasema: kumbe! Kumbe unamwiga Bi Midomo! Masikini, mtoto anataka kupendeza na haya zinamzuia! Akanikumbatia. Akamwambia daktari kwamba wasichana wa siku hizi wote wanamwiga yule mama na hakuna ubaya, ni mwanamke wa heshima.

Nikakumbatiwa nikiwa na mdomo wangu wa zambarau. Nimeokoka! Lakini Kasuku hakupiga makofi. Kasuku alikuwa ananitazama mdomo. Aliutazama ngazi zote kushuka.


Ijumaa, 7 Machi

Shangazi kanisimamisha kaunta. Si kuuza. Kuonekana. Akasema simama hapo mbele, usiseme lolote, wao waone tu rangi. Nilikuwa kama sanamu ya dirishani, ila sanamu haitokwi na jasho. Hata hivyo nilikuwa kaunta! Nikaanza kuota: labda kesho atanisahau hapohapo.

Kabla ya mchana Kasuku akasema ana neno. Akamkalisha Shangazi kwenye kiti. Akaweka mkono kifuani. Akasema hawezi tena kuficha, dhamiri inamsumbua. Bi Midomo ni yeye.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea! Midomo ni ya huyu, akasema, akanionyesha kwa kidole, kwa sababu yangu mimi ni myembamba haikamati rangi. Huyu nampaka tu. Lakini maneno ni yangu, Shangazi. Sauti ni yangu.

Na akaifanya. Akashusha sauti, akasema imekaa kama hariri, haina harufu. Sawasawa kabisa! Kasuku anaweza kuiga mtu yeyote, ndiyo maana anaitwa hivyo, na Shangazi anajua ndiyo maana anaitwa hivyo, na bado machozi yakamtoka. Akasema alihisi. Akasema damu haipotei. Akanigeukia, akaniuliza ni kweli mwanangu?

Huo ulikuwa wakati wangu. Ningesema neno moja. Nilijua maneno yote, niliyatunga mimi, yamo kichwani na nukta zake. Nikafungua mdomo wangu wa zambarau. Nikasema:

Shangazi, nikuletee chai?

Akasema ndiyo, mwanangu, na sukari. Kisha akamtangazia mteja mmoja baada ya mwingine kwamba Bi Midomo yuko hapa, ni damu yake, na kesho atasimama kaunta rasmi, waje wamwone. Mimi nilisimama stoo nikikoroga chai hadi ikapoa.

Ati midomo tu! Miezi yote ile ya jasho na blanketi, nimebaki midomo tu!

Jioni midomo ilikuwa inawaka kwa kusuguliwa. Nikaipaka mafuta ya mgando, mengi, kama siagi kwenye mkate wa mtu mwingine, nikaingia kabatini. Si kupiga video. Kulia tu. Nililia hadi Mama akaita chakula, nikajifuta kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na kitambaa kikawa zambarau.

Kitambaa! Si midomo! Nilipojitazama kwenye kioo, midomo ilikuwa ya kwangu tena, ya waridi. Kumbe kosa ni haraka. Wote tunapaka na kufuta. Ukipaka mafuta ya mgando mengi ukaacha hadi ukalia kilio cha kutosha, rangi inaachia yenyewe.

Sikuwa na wa kumwambia.


Jumamosi, 8 Machi

Kasuku alivaa gauni la sherehe. Shangazi alikuwa ameandika kwenye karatasi kubwa mlangoni: BI MIDOMO YUPO NDANI.

Wakaja kweli. Wa kwanza alikuwa yule askari. Zambarau. Nyuma yake mwalimu. Zambarau, na kidevu pia. Ofisa wa posta, zambarau hadi kwenye meno. Na wengine, na wengine, duka likajaa midomo ya bilinganya iliyokasirika.

Askari akauliza yuko wapi huyo Bi Midomo. Alisema ametoka gwaride. Mkubwa wake alimwuliza kama anaumwa moyo. Mwalimu akasema darasa lake limemchora ubaoni. Shangazi, bado anatabasamu kwa mazoea, akanyoosha mkono kuelekea Kasuku.

Kasuku alijaribu. Akaanza na tabasamu, akaja kwenye salamu, akasema rangi inampendeza afande. Afande akasema anataka itoke. Itoke vipi? Hapo Kasuku akakwama. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe! Akageuka, akaninyooshea kidole, akasema si mimi, naapa, ni yeye, Bi Midomo ni yeye!

Wote wakanitazama. Nilikuwa nyuma ya katoni mbili na macho tu juu. Ofisa wa posta akacheka. Akasema usimsingizie mtoto wa watu, huyo hata salamu anaitikia kwa nyusi. Shangazi akasema haya wewe, jana uliweka mkono kifuani ukisema ni wewe, leo ni mwenzako, kesho nitakuwa mimi? Mdomo umeponza kichwa.

Wangeendelea. Lakini nilimtazama mwalimu. Alikuwa anajisugua kwa kitambaa kikavu, anasugua, anasugua, na nilijua hasa panavyouma, pale pembeni. Sijui ilikuwaje. Miguu ikatoka stoo. Nikamshika mkono. Nikasema, na watu wakasikia: usisugue, mwalimu, utajichubua. Kaa.

Akakaa! Nikampaka mafuta ya mgando, nikamwambia aache, asiguse, azungumze mambo mengine. Nikampaka askari. Nikampaka yule wa posta. Nikawakalisha wote kwenye katoni kama kuku juu ya mayai. Nikachemsha maji. Nilipomfuta mwalimu na rangi ikaja yote kwenye kitambaa, duka likashangilia. Nilikuwa nasema! Kwa sauti yangu ile nyembamba, bila blanketi! Nikawaambia rangi yenyewe si mbaya, ni ya siku moja ya sherehe, na asiye na saa nzima ya kuitoa asiinunue. Askari akasema kama ningemwambia hivyo juzi angeninunulia soda. Nikamwambia samahani. Akasema samahani ya nini, si wewe uliyenidanganya.

Nikageukia kumfuta yule wa posta.

Shangazi akaniuliza nimejuaje. Nikasema nilijaribu. Ambayo ni kweli. Akanitazama muda mrefu, akasema: kumbe upo.

Kaunta ni yangu! Kuanzia Jumatatu! Kasuku amekwenda bucha jioni hiihii. Mjomba kapiga simu kusema foleni imefika barabarani, na kwamba binti anaita hadi mbwa wamekaa mstari.

Shangazi amesema hataki kumsikia Bi Midomo tena maisha yake yote. Akanishika shavu. Akasema angekuwa mkweli kama wewe, mwanangu, ningemsamehe.


Jumapili, 9 Machi

Nimeketi kutafakari nilichojifunza wiki hii, maana mtu akipitia mazito kama haya bila kujifunza ni hasara.

Nimejifunza hili: midomo ni hatari. Midomo inakula, inanunuliwa rangi, inaonekana na kila mtu, na Kasuku anaweza kuitambua kwenye ngazi za daktari. Hapo ndipo nilipokosea. Ningechagua kiungo kingine.

Nimemwua Bi Midomo leo asubuhi. Nimemfuta kabisa. Nilisikia huzuni kidogo.

Mchana nimemzaa Bi Kope.

Bi Kope ataonyesha jicho moja tu. La kushoto, ambalo halina alama yoyote. Sauti itakuwa ya kikohozi kidogo, kama ya mjane. Atajaribu wanja, rangi za juu ya macho na kope za bandia, na kwa kuwa kesho naanza kaunta, amekwisha sema kwenye video yake ya kwanza kwamba wauzaji bora ni wale walioanzia stoo. Shangazi hamjui, kwa hiyo hawezi kumchukia. Mashimo nimeyatafuta. Sikuyaona.

Kope nilizojaribu ni za Mkoba, sampuli, na gundi yake. Mkoba kasema gundi hiyo haiachii. Nimesema hivyohivyo kwenye video, ikiwa bado mbichi, kwa sababu nilikuwa na haraka. Imekwisha rushwa.

Jicho la kushoto halifunguki.

Mama ananiita mezani. Nimemjibu mdudu kaniingia. Nimejaribu maji ya uvuguvugu, limau nimeliruka, na sasa mafuta ya mgando, mengi, nangoja yafanye kazi. Yanashuka shavuni tu. Kesho mapema nafungua duka, mimi mwenyewe, mbele ya wateja, na ikibidi nitasema ni mtindo.

Wewe unayesoma haya, sijui umeyapataje, lakini nakusihi. Usimwambie Shangazi. Usimwambie Mama. Hata ukipita bucha ukahisi kupunguza mzigo, usimwambie Kasuku, yeye ndiye wa mwisho kabisa kuambiwa. Iwe siri yetu wawili. Na usidhani sitajua ukiitoa. Nakuona. Kwa jicho moja, lakini nakuona.